Mchujo wa ukomandoo huanzia kwenye kisigino

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye mchujo wa kikosi maalumu, nilikuwa napiga pushapu 90 bila kupumzika. Nilitolewa siku ya 4. Mikono ilikuwa mizima kabisa. Kilichonitoa ni kipande cha ngozi kwenye kisigino cha kulia, hakizidi sarafu, kilichochubuka siku ya kwanza nami nikanyamaza kwa kujifanya dume. Siku ya pili likawa lengelenge, ya tatu damu, ya nne natembelea ubavu wa unyayo mpaka goti likavimba. Daktari akaandika karatasi, safari ikaishia hapo. Nilirudi baada ya miezi 19. Pushapu zilikuwa zimeshuka hadi 60 na kitu, na nikapita.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanzie chini. Buti utakazokwenda nazo zivae miezi kadhaa kabla, kavu na zikiwa zimelowa, tambarare na mlimani. Usiende na buti mpya hata kama umepewa bure. Soksi vaa mbili, nyembamba ndani na nene juu yake, ili zisuguane zenyewe na kuiacha ngozi. Kucha kata siku 3 au 4 kabla, kwa mstari ulionyooka. Na ukihisi mahali panawaka moto ndani ya buti, simama hapo hapo, kausha, bandika plasta. Dakika 2 tu. Mimi niliona aibu kuziomba dakika hizo, zikanigharimu mwaka mmoja na nusu.

Kisha shanta, yaani begi la mgongoni. Hapa ndipo wenye misuli ya kupendeza wanapoumbuka, maana mzigo haujali kifua chako. Kwenye shule ya Ranger, askari wa kikosi maalumu cha jeshi la nchi kavu la Marekani, mwanafunzi hutakiwa kutembea maili 12, yaani kama kilomita 19, kwa saa 3 akiwa na mzigo wa takriban kilo 16. Uingereza, wanaotaka kuingia SAS, kikosi maalumu cha jeshi la nchi hiyo, hupandishwa mlima Pen y Fan, wenye urefu wa mita 886, wakateremka upande wa pili, kisha wakageuzwa kurudi njia ile ile. Jumla kama kilomita 24. Huwezi kuyafikia hayo kwa kukimbia peke yake.

Anza na kilo 10 kwa kilomita 5, mara moja kwa wiki. Ongeza uzito, au ongeza umbali. Kamwe usiongeze vyote viwili wiki moja. Kila wiki ya 4 punguza. Baada ya miezi 5 au 6, kilo 20 zitakuwa sehemu ya mwili wako. Kitu kizito kiweke juu na karibu na mgongo. Kikikaa chini kitakuvuta nyuma, utembee umejikunja kama mtu anayetafuta shilingi iliyopotea. Mimi nilikuwa nabeba maji kwenye madumu madogo. Nikifika kileleni nikiwa hoi, nayamwaga, nateremka na mzigo mwepesi. Magoti huumizwa na mteremko kuliko mpando. Na usikimbie na shanta mazoezini. Tembea haraka, hatua fupi, mikono ikifanya kazi.

Kwa nini miezi yote hiyo? Kwa sababu mwili haukui kwa kasi moja. Pafu na moyo hukuitikia ndani ya wiki chache, misuli hufuata, lakini mfupa na kano huchelewa sana. Hapo katikati kuna kipindi cha hatari: unajisikia simba, huku mfupa wa ugoko bado ni ule ule wa zamani. Maumivu yaliyotanda kwenye ugoko mzima, yanayopungua ukishapata joto, punguza mwendo kwa wiki moja au mbili uone. Maumivu ya nukta moja, unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole ukaruka, yanayokuamsha usiku, huenda ni ufa kwenye mfupa. Acha kila kitu, kamwone daktari. Ufa ukiuheshimu unapona kwa wiki kadhaa, ukiulazimisha mfupa unaweza kuvunjika kabisa.

Mengine ya mwili sitayarefusha. Jivute kwenye chuma mpaka ufike 12 safi. Chuchumaa na mzigo, imarisha mgongo, ogelea mara 2 kwa wiki. Ila kwenye maji nina neno: usijifunze kubana pumzi ukiwa peke yako, na usiheme haraka haraka kabla ya kuzama. Kuhema hivyo hupunguza hewa chafu mwilini, na hiyo hewa chafu ndiyo kengele inayokwambia utoke uvute pumzi. Kengele ikizimwa, fahamu hupotea bila onyo. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo kwenye mabwawa ya kina cha kiuno.

Joto nalo halina mchezo. Mwezi Julai 2013, askari 3 wa akiba walifariki kwa sababu ya joto wakati wa mchujo kwenye milima ya Brecon Beacons, nchini Wales. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto ili uzoee. Kunywa unaposikia kiu, na chumvi usiisahau. Anayebugia maji malita kwa malita huku akitoka jasho anaweza kushusha chumvi ya damu hadi akazimia, hata kufa. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kupepesuka kwenye jua, huo si ulegevu. Mvue mzigo, mpoze kwa maji, ita msaada. Wewe ukiona dalili hizo kwako, sema. Nimeshasimulia habari ya kunyamaza kwangu.

Sasa kichwa. Watu hudhani watavunjika wakiwa kwenye tope, mkufunzi akiwafokea. Wengi niliowaona wakiacha waliacha wakiwa wamekaa: wanasubiri lori, au wanakula asubuhi huku wakiwaza usiku unaokuja. Mwili unapotembea hauna nafasi ya kufanya hesabu. Kwa SEAL, makomandoo wa jeshi la majini la Marekani, kuna ile Wiki ya Jehanamu, siku 5 na nusu zenye usingizi wa takriban saa 4 kwa jumla, na kengele ipo pale pale. Anayetaka kuondoka anaigonga tu. Ukiihesabu wiki nzima ukiwa umelowa, utaigonga. Hesabu mpaka mlo unaofuata. Ukishindwa, mpaka mti ule. Mimi nilijiwekea sheria moja: sifanyi uamuzi wowote nikiwa na njaa, baridi au nimekaa. Kwanza nile, nivae kikavu, nitembee hatua 100, ndipo nijiulize. Kila mara jibu lilikuwa limebadilika.

Hilo linafundishika. Tafuta rafiki mwenye roho ngumu kidogo, mwachie yeye ramani na mpango. Wewe beba mzigo. Akikwambia pinda, pinda, asikwambie umbali. Ukifika mahali unapoamini ni mwisho, pikipiki yake imeegeshwa na unaiona kabisa, akwambie geuka. Mara ya kwanza nilifanyiwa hivyo nilitukana. Mara ya 5 niligeuka bila kuuliza. Kwenye mchujo, lori lilipoondoka tukilitazama na kutuacha, wenzangu 3 walikaa chini. Mimi nililifahamu lile lori.

Jifunze ramani na dira ukiwa umechoka, siyo mezani. Baada ya saa 3 za mzigo, simama utafute nyuzi za dira na ukadirie hatua za kilomita moja. Utashangaa unavyokuwa mjinga. Wakufunzi wetu hawakupiga kelele hata siku moja. Walikuwa wanaandika tu kwenye daftari. Ukimya ule uliwatesa waliozoea kusifiwa, na kwa kweli uliwatesa zaidi kuliko mvua.

Kabla ya kwenda, maliza ya nyumbani. Deni lipa au panga litalipwaje, mwenzi wako ajue utakuwa kimya kwa muda gani. Ugomvi ulioacha mlangoni utaukuta saa 9 usiku mlimani.

Wiki 2 za mwisho hutaongeza nguvu yoyote, utaongeza uchovu tu. Punguza mazoezi nusu, kisha nusu tena. Lala, lala sana. Plasta weka kwenye mfuko wa suruali, wa mkono unaoutumia zaidi. Usiiweke ndani ya shanta. Ikiwa humo, hutaitoa.