Fizi Zinazotoka Damu: Namna ya Kuzichunguza na Kuzitibu

Wengi wetu, tukiona mate yenye damu asubuhi, huacha kupiga mswaki mahali hapo ili ufizi upumzike, na hapo ndipo ugonjwa unapopata nafasi. Kinachouchokoza ufizi ni ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaojikusanya kwenye mpaka wa jino na ufizi. Usipoondolewa kwa siku kadhaa, huchanganyika na madini ya mate ukawa ugaga, ambao hautoki kwa mswaki hata ukisugua kwa nguvu za kufulia jinzi.

Hatua ya kwanza ni kujichunguza. Simama dirishani na kioo, vuta mdomo wa chini, kisha uitazame ncha ya ufizi inayoingia kati ya jino na jino. Husemwa kwamba ufizi mgonjwa ni mwekundu, lakini fizi zetu nyingi zina weusi wa asili unaoufunika wekundu huo, kwa hiyo tafuta uvimbe: ncha nzima ni nyembamba na imekaza, ilhali iliyougua imetuna, inang'aa na hutoa damu ikiguswa. Angalia pia nyuma ya meno ya mbele ya chini, ambako mate humwagika na ugaga huwahi kujijenga.

Hatua ya pili ni kusafisha palepale panapotoka damu. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, uelekeze nywele za mswaki kwenye mpaka wa ufizi kwa pembe ya nyuzi 45, na uzungushe taratibu kwa dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Kati ya meno pitisha uzi wa meno. Kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza maumivu, lakini hakuondoi ukoga.

Hatua ya tatu: damu isipokoma baada ya wiki 2, au ukiona ugaga, nenda kwa mhudumu wa meno ukakwanguliwe ugaga huo. Hapa Uganda, vituo vya afya vya ngazi ya nne (Health Centre IV) kwa kawaida huwa na mhudumu wa meno, ila piga simu kwanza. Mimi niliwahi kusafiri mara mbili nikakuta mashine ya kukwangulia imeharibika. Usikawie, kwa sababu ugonjwa ukishuka chini ya ufizi huula mfupa unaoshika jino: meno huonekana marefu, usaha hutoka, jino hucheza. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Tiba huzuia usiendelee kuliwa. Vidonge vya kununua dukani bila kukwanguliwa ni hasara, maana ugaga unabaki pale pale. Anayevuta sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa huumwa zaidi na hupona polepole.

Maswali

Mwalimu, nasikia kukwangua hulegeza meno. Ni kweli? (Mbale)

Hapana, kaka. Ugaga mwingi huziba mianya na kuyafunga meno yaliyokwisha kulegea, hivyo ukiondolewa na uvimbe ukashuka, hali iliyokuwa imefichika huonekana. Meno yatasisimka kwa maji baridi kwa siku chache.

Nina mimba ya miezi mitano na fizi zimevimba. Ningoje nijifungue? (Arua)

Usingoje, dada. Homoni za ujauzito huzidisha uvimbe, na kukwanguliwa wakati huo ni salama. Mjulishe mhudumu kuwa wewe ni mjamzito.

Mtoto wangu wa miezi sita anaharisha na ana homa. Mama mkwe asema ni ebinyo, meno ya uongo, yachimbwe. (Mbarara)

Mama, kwa heshima zote kwa mkweo, kataa. Vile vivimbe vyeupe kwenye ufizi wa mtoto, vinavyoitwa ebinyo, ni meno ya utotoni yanayojiandaa kuota. Kuyachimba kwa spoki ya baiskeli kumeua watoto kwa kuvuja damu na maambukizi, na waliopona wengi waliota meno yenye kasoro. Kinachomuumiza ni kuharisha na homa: endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS, na umfikishe kituo cha afya leo hii.