Kabla Mtoto Hajaja, Mfundeni Atakayebaki Nje ya Mlango wa Leba

Baba kijacho anayesema "mimi mambo ya kliniki namwachia mama watoto" ndiye huyo huyo utakayemkuta saa nane usiku anapekua kabati akitafuta kadi. Na mama kijacho anayekubaliana naye anajipunja mwenyewe. Siku uchungu ukishika, mama hatakuwa na nafasi ya kueleza dripu inanunuliwa wapi, damu yake ni kundi gani, wala nani apigiwe simu. Hayo yote yatamwangukia aliyebaki nje kwenye benchi. Kwa hiyo maandalizi ninayoyaeleza hapa ni ya watu wawili, na huyo wa pili ndiye ninayemkazania zaidi.

Anza kliniki kabla ya wiki ya 12. Usisubiri tumbo lionekane na majirani. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio yasiyopungua manane. Habari ya kwenda mara nne ni ya zamani. Vidonge vya kuongeza damu ni vya kila siku, hata kama vinakuchafua tumbo na kubadilisha rangi ya choo. SP, dawa ya kukinga malaria, unaimeza pale pale mbele ya nesi. Chandarua ni cha kulalia, wala si cha kufunikia mahindi. Na ule udongo unaouficha kwenye pochi uache, utakuletea minyoo na kukuzidishia upungufu wa damu huku unajidanganya ni hamu tu.

Darasa lenyewe watu wengi wanalikosa wakiwa hapo hapo kituoni. Kliniki zetu nyingi za Dar zinaanza na somo asubuhi: nesi anasimama mbele ya mabenchi, akina mama nusu wanamsikiliza na nusu wanalinda namba zao za foleni. Kisha ndipo mizani, presha, mkojo, damu na kupapaswa tumbo. Anayeingia saa nne anapimwa na kuondoka, somo limempita. Fika kabla halijaanza, kaa mbele, uliza. Uliza uchungu wa kweli unatambuliwaje na ule wa kuzuga (wa kweli hauachi, unakaribiana na kuzidi makali). Uliza chupa ikipasuka ufanye nini, na ni mambo gani yanaweza kufanya ukapelekwa kwenye upasuaji. Swali la kijinga ni lile unalokuja kulifikiria ukiwa kitandani leba. Baadhi ya hospitali binafsi zina madarasa ya wenza ya kulipia, na huko mtafundishwa hadi kupumua na kumshika mtoto. Kama mfuko unaruhusu, nendeni. Kama hauruhusu, benchi la zahanati linatosha kabisa, ilimradi mkae wawili.

Kuhusu huyo wa pili: vituo vingi humhudumia mapema anayekuja na mwenza wake, hiyo peke yake ni sababu tosha ya baba kuomba ruhusa asubuhi moja kazini. Kuna vituo vingine vinamdai anayekuja peke yake barua ya serikali ya mtaa. Siipendi hata kidogo desturi hiyo, lakini ulizia mapema usije ukarudishwa. Mwenza akiwa safarini, au hayupo kabisa, chagua mtu mwingine wa kwenda naye. Dada, mama mdogo, rafiki wa karibu, mpangaji mwenzio. Asiwe mtu wa kuzimia akiona damu.

Begi la hospitali halina mjadala mrefu. Kanga zilizofuliwa zikalainika, mpira wa kulalia, glovu, pamba, pedi kubwa, klipu ya kitovu, wembe mpya, beseni, ndoo, sabuni, chupa ya chai, nguo za mtoto. Sera inasema huduma za uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure. Wewe nenda na vyako hata hivyo. Omba orodha ya kituo chako, usinunue kwa kusikia. Kariakoo watakuuzia magauni ya mtoto ya kila rangi, ila usiku ule wa kwanza vya maana ni kofia, soksi na kanga kavu. Begi liwe limefungwa ifikapo wiki ya 36, kwa sababu tarehe uliyoandikiwa ni makadirio na watoto wachache sana huiheshimu.

Usafiri upange kwa kuangalia ramani na kalenda. Kama unakaa Kimara au Ubungo na umepanga kujifungulia Muhimbili mwezi Aprili, jiulize mvua ya masika ikijaza Jangwani mtapita wapi. Wa Kigamboni asipangie kivuko usiku, apangie daraja, na dereva awe amekubali kabla. Chukua namba za madereva wawili wa bajaji au teksi wanaolala mtaa huo huo. Dharura ikizidi, kuna mfumo wa m-mama: unapiga 115, hulipii simu, unaelekezwa usafiri wa kukufikisha kituoni.

Damu: jua kundi lako, na mwenza alijue kwa kichwa. Ukiambiwa kundi lako ni hasi, lisemee kila hudhurio. Mama wa kundi hasi akizaa mtoto wa kundi chanya anatakiwa apate sindano ya anti-D, ya kukinga mimba zijazo, ndani ya saa 72, na hiyo haipatikani kwenye kila dirisha la dawa, tena bei yake inauma. Itafuteni mapema. Ndugu wawili watatu wenye afya waambiwe tangu sasa kwamba wanaweza kuitwa kuchangia damu, wasianze kukumbuka safari zao siku hiyo.

Pesa ya dharura isikae kwenye simu ambayo namba ya siri anaijua mama peke yake. Naomba usome tena hiyo sentensi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hulipa mstari mmoja, na mimi nitakaa nalo, maana nililiona likitaka kumchukua mtu. Wifi yangu wa Chamazi alikuwa mwanafunzi bora wa kliniki. Hakukosa somo, dalili za hatari alikuwa anazitaja bila kusita. Kaka anaendesha lori la Tunduma, kliniki hakuwahi kutia mguu. Wifi akajifungua salama, kesho yake akaruhusiwa, nyumba ikajaa vigelegele na uji wa pilipili manga. Kaka akambeba mwanawe, akapiga picha, akarudi barabarani. Nyumbani akabaki shangazi yetu, mtu mzima mwenye wajukuu, mkandaji mwenye sifa zake.

Siku ya nne wifi akasema kichwa kinamuuma. Akapewa panadol. Siku ya tano mchana akaomba pazia lifungwe, mwanga unamchoma, na akawa analalamika kwamba televisheni inamerimeta, na televisheni ilikuwa imezimwa. Shangazi akasema ni usingizi, mzazi yeyote wa siku tano hajalala. Kufika magharibi akawa anajibu asichoulizwa. Akamtazama mtoto akauliza huyu wa nani. Hapo maneno yakabadilika pale ndani: amechezewa, ana kitu, aitwe mtaalamu aje na kombe. Mtu akawa ameshatumwa.

Aliyemwokoa ni mpangaji wa chumba cha uani, binti mwenye mimba ya miezi saba, ambaye alikuwa amekaa benchi la kliniki wiki ile ile. Alichungulia, akauliza swali moja: "Kadi yake iko wapi?" Hakuna aliyejua. Ilikuwa kwenye kabati lililofungwa, na ufunguo wifi alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga aliyojifunga kiunoni. Wakalifungua lile fundo, wakaitoa kadi. Mstari wa mwisho, presha 140/90, na kando yake nesi ameandika arudi baada ya wiki moja. Wiki haikuisha, mtoto akaja, na habari ya presha ikaishia kwenye karatasi. Binti akawaambia hiki ni kifafa cha mimba kinakuja, bajaji iitwe sasa hivi, kombe mtalinywa nyie. Degedege lilimkuta wifi kwenye geti la hospitali. Akachomwa sindano za magnesiamu, akapewa dawa za presha, akarudi nyumbani siku kadhaa baadaye akiwa dhaifu, maziwa yamegandamana kifuani, lakini yu hai.

Shangazi simlaumu. Nani aliwahi kumwita darasani? Enzi zake alizaa watoto wake wote bila kufungwa kipimo cha presha hata mara moja. Wifi alijua kila kitu, ugonjwa ukamnyang'anya akili kabla hajasema, na waliobaki na akili hawakujua kitu.

Kwa hiyo mfundishe atakayekuuguza, na umwambie akurudishie kwa mdomo wake. Kuumwa kichwa kusikosikia dawa, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, degedege, damu nyingi, homa, kupumua kwa shida: hospitali, saa hiyo hiyo, kabla na baada ya kujifungua. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata wiki kadhaa baada ya mtoto kutoka. Kwa mjamzito ongeza mtoto kupunguza kucheza, na chupa kupasuka. Kadi ikae mahali panapojulikana na kila mtu mzima wa nyumba hiyo, na kila ukirudi kliniki msome pamoja kilichoandikwa. Ukishajifungua, rudi kupimwa hata kama unajisikia mzima: ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Arobaini isikufungie ndani ukashindwa kwenda.

Arobaini yenyewe ina mambo yake. Uji, mtori na supu, kula ushibe. Kukandwa sina ugomvi nako sana, ila maji yawe ya kuvumilika, na mwenye mshono wa operesheni asikandwe tumbo, mwambieni mkandaji kabla hajachemsha. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano ndiyo kinga yake, usiyakamue ukayamwaga kwa kuwa jirani amesema ni machafu. Miezi 6 maziwa ya mama tu, bila maji, bila glukosi, bila maji ya gripu. Kitovu kisipakwe majivu, mate, wala mafuta ya kupikia. Na ile hofu kwamba kitovu kikidondokea uume mtoto hatazaa, jamani, kinadondoka chenyewe na watoto wanakua wanaoa. Macho na ngozi ya mtoto vikiwa vya njano, mpeleke akapimwe, usiishie kumwanika juani. Mtoto asiyenyonya au wa moto usimsubirie kesho. Chanjo ya BCG (ya kifua kikuu) na polio ya kwanza hupewa anapozaliwa, halafu mnarudi wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Mama akilia kila siku wiki zinapita, hataki kumshika mtoto, anasema bora afe, huo ni ugonjwa na una matibabu. Asiitwe mvivu wala mwenye kudeka.

Aliyeajiriwa amjulishe mwajiri kwa maandishi miezi 3 kabla, aambatanishe cheti cha daktari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 ukizaa zaidi ya mmoja, na ukirudi kazini hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Baba ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na asizitumie kupokea pongezi kijiweni. Mwenye bima aulize mapema kama mtoto anahudumiwa kwa kadi ya mama au mpaka asajiliwe kwanza. Tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuombea cheti cha kuzaliwa, mlisome herufi kwa herufi kabla ya kutoka hospitali, maana jina likikosewa hapo, kulirekebisha RITA wanakotoa vyeti ni safari nyingine.

Mengine ni ya kawaida tu. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu usiziguse, kizazi kinaweza kupasuka. Wageni wanawe mikono, mwenye mafua asubiri apone. Mtoto habusiwi mdomoni na kila mtu. Ukipost picha yake, kadi isionekane. Maji yahifadhiwe kwenye ndoo zenye mifuniko kabla DAWASA hawajakata, LUKU iwe na akiba. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa mzazi ati apate joto, hata mlango ukiachwa wazi kidogo.