Kupiga picha seli za insulini kwa panya wenye jeni ishara: mwongozo kwa mtafiti wa Dodoma

Seli beta, yaani seli za kongosho zinazotengeneza insulini, zimejikusanya katika visiwa vya Langerhans, ambavyo kwa jumla ni asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho nzima na vimetawanyika ndani ya tishu ambayo kwa macho ni vigumu kuitofautisha navyo. Panya wadogo wenye jeni ishara walitengenezwa ili kuondoa kikwazo hicho. Promota, kipande cha DNA kinachoiwasha jeni ya insulini, huunganishwa na jeni ya protini inayotoa mwanga, kisha muungano huo hupandikizwa katika yai la panya lililorutubishwa, na mzao wake hung'aa pale ambapo promota hiyo inafanya kazi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza panya wa MIP-GFP (MIP ni promota ya insulini ya panya, GFP ni protini inayong'aa kijani), ambao seli zao beta hutoa rangi ya kijani, na baadaye wakafuata wa MIP-Luc, wanaotumia kimeng'enya cha kimulimuli kiitwacho lusiferasi.

Kabla ya kuagiza mnyama yeyote, kamilisha vibali. Utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), utatakiwa kuzingatia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kwa kuwa panya hawa wamebadilishwa jeni, suala la usalama wa kibayoteknolojia liko chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, ambayo kwa bahati njema iko hapa hapa Dodoma. Anza mapema.

Chagua ukoo wa panya kulingana na swali lako. Mwanga wa kijani haupenyi milimita nyingi za tishu, kwa hiyo GFP inafaa kwa visiwa vilivyotolewa mwilini, kwa vipande vya kongosho chini ya hadubini, na kwa kuchambua seli mojamoja. Lusiferasi inafaa unapotaka kumfuatilia panya yuleyule aliye hai kwa wiki kadhaa, ingawa picha yake haitakuonyesha kisiwa kimoja kimoja. Uliza pia muungano umebeba nini kingine. Baadhi ya koo zina kipande cha jeni ya homoni ya ukuaji ya binadamu kilichowekwa ili kuimarisha utendaji wa jeni pandikizi, na mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba katika ukoo mmoja wa namna hiyo homoni ilitengenezwa kweli ndani ya visiwa, ikaongeza wingi wa seli beta na kuzikinga dhidi ya streptozotosini, sumu tunayoitumia kuwasababishia panya kisukari. Jaribio lililofanywa bila kujua jambo hilo litatoa jibu la uongo. Ndiyo maana panya wa kulinganishia lazima awe ndugu wa tumbo moja asiye na jeni pandikizi, na kundi jingine la wenye jeni hiyo wapewe kimiminika kitupu kisicho na sumu.

Hali ya hewa yetu inadai uangalifu wa pekee. Panya hawa hukaa vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 26 na unyevunyevu wa asilimia 40 hadi 60, na kiangazi cha Dodoma ni kikavu kuliko hapo, hivyo weka kipimo cha unyevunyevu ndani ya chumba na mashine ya kuuongeza. Usitumie maji ya bomba kutengenezea miyeyusho, kwa kuwa maji ya visima vya huku yana chumvi, tumia yaliyotoneshwa. Kwa panya wa kupigwa picha, chagua chakula kisicho na majani ya alfaalfa, kwa sababu klorofili yake hung'aa yenyewe tumboni.

Hatua ya kutoa visiwa ndiyo inayohitaji mkono uliotulia. Panya akishakufa kwa njia iliyoidhinishwa, fungua tumbo, geuza ini juu, na utafute mrija wa nyongo unapoingia kwenye utumbo mwembamba. Ubane hapo hapo kwenye ukuta wa utumbo, kisha ingiza sindano nyembamba upande wa ini na sukuma taratibu mililita 2 hadi 3 za kolajenasi baridi, kimeng'enya kinacholegeza tishu. Kongosho ikijaa vizuri huvimba na kuonekana kama povu la weupe unaopenyeza nuru; sehemu iliyobaki bapa haikupata kimeng'enya na itakupa visiwa vichache. Iweke kwenye nyuzi 37, na anza kuiangalia baada ya dakika 10, kwa maana ukichelewa kimeng'enya kitavila visiwa vyenyewe. Poza, osha, kisha okota visiwa kimoja kimoja chini ya hadubini yenye mwanga wa samawati. Hapo GFP inalipa gharama yake, kwani visiwa hujitokeza vya kijani kati ya makapi meusi.

Kwa vipande vya tishu, zihifadhi kwa paraformaldehaidi ya asilimia 4 na epuka methanoli, ambayo huizima GFP. Asidi pia huififisha. Kwa lusiferasi, nyoa manyoya ya tumbo, mdunge panya sindano ya lusiferini, kemikali ambayo lusiferasi huigeuza kuwa mwanga, miligramu 150 kwa kila kilo ya uzito, mlaze panya kwa nusukaputi, na upige picha mfululizo hadi ujue mwanga unafikia kilele dakika ya ngapi katika wanyama wako.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Mwanga huu ni taarifa ya promota, si hesabu ya seli. Sukari ikibaki juu kwa muda mrefu, seli beta huweza kupunguza utendaji wa jeni ya insulini huku zikiwa hai, na picha itafifia kana kwamba zimekufa. Kinyume chake, GFP hudumu zaidi ya siku moja ndani ya seli hata promota inapozimika. Kwa hiyo pima sukari ya damu siku ya picha, wanyime chakula panya wote kwa saa zilezile, na mwishoni mwa jaribio kata kongosho na uipake kingamwili zinazotia alama insulini na glukagoni, homoni ya seli nyingine za visiwa. Ikiwa mwanga umepungua lakini eneo lenye insulini halijapungua, andika kwamba promota imelegea. Ikiwa vyote viwili vimepungua, tafuta alama za kufa kwa seli kabla ya kuandika kwamba seli zimekufa, kwa sababu seli iliyopoteza insulini yake haishiki alama ya kingamwili ya insulini, ingawa bado ipo kisiwani.