Bastola ya anga kwa mkeka wa mtoto na vifuniko vya dawa ya meno

Fundi viatu wangu wa Kongowea aliishika ile bastola, akaigeuza mara mbili, akasema, "Binti, hii hata nzi haimtishi." Nikamshukuru. Alidhani ananikejeli, kumbe kanipa sifa ninayoitafuta. Silaha ya kosplei, yaani ya kuvaa na kujifanya mhusika wa sinema au katuni kwenye tamasha, mtu akiiona kwa mbali ajue papo hapo kwamba si bunduki. Akiisogelea aamini imeshatumika miaka na nyota kadhaa. Kazi hizo mbili zinavutana, na hapa naeleza ninavyozipatanisha kwenye bastola yangu ya tatu, yenye urefu wa sentimita 34, iliyonila wikendi nne. Ya kwanza na ya pili usiniulize.

Mwili wake ni EVA, lile povu gumu la mikeka ya watoto ya kuunganisha, yenye herufi na namba. Chukua ya unene wa milimita 10. Kwa urembo wa juu nahitaji ya milimita 2 au 3, na hiyo hunikatia fundi viatu kutoka kwenye shiti zake za soli. Mtutu ni bomba la maji la PVC la nusu inchi. Chuma achana nacho: matamasha mengi hayakiruhusu, na saa ya tano ya kusimama na kupigwa picha utakuwa umeshakilaani.

Halafu takataka. Hapa usiwe na haraka, maana takataka ndizo zinazofanya kitu kionekane kina kazi. Watu wa sinema walilijua hilo mapema: katika Star Wars ya 1977, mpini wa upanga wa mwanga wa Luke ulikuwa mpini wa flashi ya kamera ya zamani ya Graflex, na bastola ya Han Solo ilianzia kwenye Mauser C96, bastola ya Kijerumani ya mwisho wa karne ya 19, ikapachikwa darubini na vikorokoro vingine. Mimi nina kopo la biskuti. Humo huishia kila kifuniko cha dawa ya meno (mifereji yake ya pembeni ni kitufe cha kupandisha nguvu, hakuna haja ya kuongeza kitu), bobini za cherehani, springi za rimoti, vichwa vya chupa za manukato. Mama ameshaacha kuuliza.

Pateni naichora kwenye boksi la kadibodi, nikianza na mpini, sio mtutu. Pima kiganja chako kwa futi ya fundi cherehani; vidole vinne viingie na ibaki nusu sentimita. Kata, shika, jitazame kwenye kioo, kaa nayo siku nzima. Kadibodi ni bure.

Bastola ni tabaka tatu za EVA zilizobanwa pamoja, la kulia, la kati na la kushoto. Na hapa inabidi nikwambie habari ya ile ya pili. Mkeka una uso laini na uso wa mikwaruzo, kwa hiyo pateni lazima uigeuze ukikata upande wa pili. Mimi niliandika K kwenye kipande cha kulia. Kisha nikaandika K kwenye cha kushoto. Kesho yake nikaokota viwili vya kulia, nikavipaka gundi, nikavibandika. Siku hizi naandika L na S.

Usidanganyike na jina la bomba: la nusu inchi, kwa nje, lina kama milimita 21. Tabaka la kati la milimita 10 halilitoshi. Kata njia nzima kwenye la kati, kisha chimba kama milimita 5 na nusu kwa ndani ya kila tabaka la pembeni. Badilisha wembe mapema kuliko unavyodhani unahitaji. Ukianza kuona chembechembe pembeni mwa mkato, umeshachelewa. Na usikate kwa pigo moja. Pita mara mbili tatu, kila mara ndani kidogo.

Gundi ni ile ya viatu. Paka nyuso zote mbili, ngoja dakika kama 10, gusa kwa mgongo wa kidole: isipong'ang'ania, tayari. Ukishazikutanisha hazirudi nyuma, kwa hiyo anzia ncha moja ushuke polepole. Fanya nje. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa gundi wala wa rangi ya kupuliza; tafuta ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa.

Sasa joto. Mimi huazima bloa ya fundi simu wa jirani. Chora kwanza mistari ya paneli kwa wembe, nusu ya unene tu, kisha pitisha hewa ya moto. Mstari unafunguka wenyewe kama mdomo, na uso wa povu unapata mng'ao mdogo. Hapo vinyweleo vyake vimefunga. Ukiona moshi umekaa mno. Baada ya hapo piga msasa wa namba 240 kwenye kingo, bandika vikorokoro, kisha ziba kwa gundi nyeupe ya mbao iliyolegezwa kwa maji kidogo, tabaka nne, kila moja ikauke. Ukiruka hatua hii EVA itainywa rangi yako yote na bado itaonekana povu.

Rangi ndiyo starehe yangu. Sipaki bastola nyeusi. Nyeusi ndiyo inayomfanya askari aruke, na sheria ya silaha ya Kenya inayo sehemu inayohusu hata bunduki bandia ikitumika kwenye uhalifu, sasa ya nini kufanana? Yangu ni krimu, ile krimu ya friji la bibi, na mdomo wa mtutu ni rangi ya machungwa. Marekani alama hiyo ya mdomoni ni mojawapo ya alama zinazotakiwa na sheria kwa bunduki za kuchezea zinazofanana na za kweli. Mimi naiweka kwa hiari yangu.

Lakini krimu haianzi. Chini kabisa nyeusi kila mahali. Ikikauka, rangi ya fedha kwenye kingo zote. Kisha chovya kidole kwenye mafuta ya mgando, ujiulize: huyu nahodha wangu wa anga, mhusika ninayemvaa, anaishikaje? Kidole gumba kinapumzika wapi? Ikichomolewa alani, kona ipi inasugua? Paka mafuta hapo tu, vidoa vidogo visivyolingana. Halafu pitisha krimu kwa kudonoa na sifongo, maana brashi itayaburuza mafuta. Ikishika, futa kwa kitambaa: palipo na mafuta krimu inabanduka, fedha inachungulia, na kingo za doa zinakuwa na meno kama rangi iliyobanduka kweli. Kosa la wageni wa kazi hii ni kuchakaza kila pahali sawasawa. Kitu cha namna hiyo hakijatumika, kimekwaruzwa.

Uchafu: rangi ya akriliki nyeusi na kahawia kidogo, maji mengi, ingiza kwenye mifereji, futa mara moja. Kutu sisi wa Pwani hatuna haja ya kufundishwa. Tazama geti lolote la Mombasa: inaanzia kwenye bolti na kuteremka chini kama chozi. Kwa hiyo iteremshe kufuata jinsi silaha inavyoning'inia kiunoni.

Vanishi isiyong'aa naipulizia juu ya paa kuanzia saa nne asubuhi, siku kavu. Kabla ya hapo hewa yetu ina maji, na vanishi inageuka ukungu mweupe juu ya kazi yako. Kusi ikivuma, ingiza bastola yako ndani ya boksi kubwa la friji lililo wazi upande mmoja, wewe ubaki nje, vumbi halisubiri.

Taa ukiitaka: LED moja nyekundu, betri ya volti 9, rezista ya omu 470, swichi ndogo, vyote kwenye shimo la mpini. Hata LED ya bluu itakubali rezista hiyo hiyo.

Ukisafiri, chomoa betri, weka bastola kwenye begi lililofungwa, na mlinzi akiuliza mwambie "ni povu" kabla hajafungua zipu, sio baada. Ndani ya begi naweka pia gundi, sifongo na kikopo cha krimu kwa marekebisho ya ukumbini. Rangi huanza kubanduka chini ya kidole gumba, kama sentimita moja juu ya pale nilipopaka mafuta ya mgando. Hapo sigusi. Nahodha ameniambia mwenyewe anaposhika.