Kabla Hujalipia Kadi ya TV, Fungua Kompyuta Yako

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kayole aliniletea kompyuta hapa Luthuli, Nairobi, na kadi ya TV, ile ya kuiwezesha kompyuta kupokea matangazo ya televisheni, ameifunga kwenye gazeti. "Fundi, nimeambiwa hii inaingia kompyuta yoyote." Nikafungua kasha. Kadi ilikuwa ya PCI, aina ya zamani, na mazabodi yake, yaani bodi kuu ya kompyuta, haikuwa na sloti (tundu la kuchomekea kadi) ya PCI hata moja. Aliyemuuzia akakataa kurudisha pesa. Jambo lile liliniuma sana.

Kwa hivyo anza na kompyuta, si na duka. Zima, chomoa waya wa umeme, shika chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli ukutoke mwilini. Sasa chukua rula. Sloti ya PCI ya zamani ina sentimita 8 na nusu hivi. Ile ya PCI Express x1, aina mpya, ni fupi, kama 2 na nusu. Usifuate rangi, kila kiwanda kina yake. Kadi ya x1 kwa kawaida hufanya kazi hata kwenye sloti ndefu ya x16, lakini ya PCI haikai kwenye PCI Express kabisa, na ukiilazimisha utavunja kitu.

Zile kompyuta nyembamba zilizotumika ofisini zina shida nyingine: nyingi hupokea kadi fupi tu. Uliza kama kadi ina bamba fupi la chuma la kuifungia.

Kadi imeingia lakini haionekani? Ichomoe. Tazama meno yake ya dhahabu kwenye mwanga. Mara nyingi yamefifia, yana utando wa kahawia. Chukua raba ya penseli, sugua taratibu kuelekea ukingoni hadi yang'ae, pangusa vumbi la raba, rudisha na ukaze skrubu. Kadi kadhaa zilizoletwa kwangu kama zimekufa zilipona hivyo. Ikikataa bado, ihamishe sloti. Kwenye mazabodi za zamani sloti huweza kugawana IRQ moja (njia ya kuita prosesa) na kadi ya sauti au USB, zikasumbuana. Kwenye mpya, SSD ya M.2, diski ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, inaweza kuzima sloti fulani. Kitabu cha mazabodi hueleza ni ipi.

Kisha washa kwa Ubuntu (mfumo wa Linux) kutoka flashi, ufungue terminal na uandike lspci, amri ya kuorodhesha kadi. Kadi ikitokea kwenye orodha, mazabodi imeiona, na sasa unatafuta draiva, programu ya kuiendesha kadi. Draiva ya Windows XP ya biti 32 haitafanya kazi kwenye Windows 10 ya biti 64, hata uiweke mara ngapi. Kwenye Device Manager ya Windows, kosa namba (code) 28 ni draiva haipo. Namba 12 ni kadi imekosa nafasi ya kutumia, hapo ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi) uzime vitu usivyovihitaji.

La muhimu kuliko yote: soma boksi la kadi, utafute DVB-T2, mfumo wa TV ya kidijitali ya hewani. Kenya ilizima analogi mwaka 2015, na matangazo ya hewani sasa ni ya T2. Kadi ya analogi, au ya DVB-T peke yake (mfumo uliotangulia T2), haitakupa picha hata mazabodi iikubali vizuri.

Yule mama tulimtafutia kijiti cha USB cha DVB-T2, ambacho hakihitaji sloti. Kijana wake akapandisha antena juu ya mabati, akaielekeza upande wa Limuru, akanipigia simu jioni: taarifa ya saa moja imeshika.