Kabla ya Kuskani Slaidi za Zamani: Kulinda Rangi na Mwangaza wa Asili

Slaidi, yaani kipande cha filamu kilichotiwa kwenye fremu ili kioneshwe kwa mwanga, inatofautiana na negativu kwa jambo moja kubwa: picha iliyomo ndani yake imekwisha kukamilika. Ukiiinua mbele ya taa unaziona rangi zenyewe, huhitaji kukisia rangi zilizogeuzwa. Anayeskani slaidi kwa hiyo ana asili mkononi, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba faili linafanana na asili hiyo. Mikusanyo mingi iliyoskaniwa ina rangi zisizoaminika hata pale skana ilipokuwa nzuri, kwa sababu maandalizi yalirukwa, na kuirudia kazi ya slaidi 1000 ni mzigo ambao wachache huubeba mara ya pili.

Amua kwanza unataka nini. Slaidi iliyofifia na kuwa nyekundu inaweza kuskaniwa kama ilivyo leo, au ikarejeshwa karibu na ilivyokuwa siku ilipotoka maabara. Hizo ni kazi mbili tofauti, na anayezichanganya katika hatua moja hupata faili ambalo si ushahidi wa hali ya sasa wala si urejeshaji mzuri. Ushauri wangu ni kuskani kwa uaminifu kwanza, kuhifadhi faili hilo bila kuligusa, kisha kufanya marekebisho kwenye nakala.

Baada ya hapo itambue filamu. Mara nyingi jina lake limechapwa kwenye fremu, pengine pamoja na tarehe ya kuoshwa. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 kwa sinema na 1936 kwa picha za kawaida, na ambayo Kodak ilitangaza kuisitisha mwaka 2009, hutambulika hata bila jina: ukiiinamisha kwenye mwanga, upande usiong'aa unaonyesha picha ikiwa na miinuko midogo kama nakshi iliyochongwa. Filamu hiyo haikuwa na rangi ndani yake ilipotengenezwa. Rangi ziliongezwa wakati wa kuoshwa, nazo hudumu vizuri sana gizani ingawa hufifia haraka zikioneshwa mara kwa mara kwenye projekta. Ektachrome za kale, filamu nyingine ya Kodak, zilizooshwa kwa taratibu zilizotangulia ule utaratibu wa kuosha filamu uitwao E-6 wa miaka ya 1970, mara nyingi zimepoteza rangi ya sayani (buluu-kijani) hata zikiwa ndani ya kasha, ndiyo maana zinaonekana nyekundu au za zambarau.

Utambuzi huu una matokeo ya moja kwa moja. Kodachrome ikiskaniwa kwa mipangilio iliyoandaliwa kwa filamu za E-6, kwa kawaida hutoka na ubuluu usiokuwepo kwenye slaidi. Pia uwezo wa skana wa kuondoa vumbi kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, hutegemea filamu kuipitisha miale hiyo. Filamu za E-6 huipitisha. Kodachrome huizuia kwa kiasi katika sehemu zake za giza, na filamu za rangi nyeusi na nyeupe, ambazo picha yake ni fedha halisi, huizuia kabisa. Programu basi hudhani sehemu za picha ni uchafu na kuzifuta. Kwa hiyo zigawe slaidi kwa aina ya filamu kabla hujaanza, wala usizichanganye katika mkupuo mmoja.

Usafi unahusu rangi pia, kwa sababu utando wa vumbi au kuvu hutawanya mwanga na kuufanya weusi uwe wa kijivu. Tumia kipulizio cha mkono na brashi laini, usitumie maji. Slaidi zilizobanwa kati ya vioo huweza kutoa miduara ya rangi pale filamu inapogusa kioo, na hizo ni bora kuzitoa kwa uangalifu na kuzihamishia kwenye fremu isiyo na kioo.

Linalofuata ni macho yako mwenyewe. Jicho huzoea mwanga lililomo, na baada ya dakika chache skrini yenye ubuluu huonekana sawa kabisa. Andaa kisanduku cha mwanga chenye joto la rangi la kelvini 5000 na taa zinazoonyesha rangi kwa usahihi wa juu, kwa sababu taa za LED za bei nafuu huweza kuonekana nyeupe ilhali zina upungufu wa wekundu, nao upungufu huo utauona kwenye slaidi ukaudhania kuwa ni wa filamu. Funika sehemu ya kisanduku isiyo na slaidi kwa karatasi nyeusi, la sivyo mwanga unaoizunguka utaifanya ionekane ya giza kuliko ilivyo. Skrini nayo ipimwe kwa kifaa cha kupimia rangi, baada ya kuachwa iwake kwa nusu saa, na ung'avu wake uwekwe kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Skrini nyingi hutoka kiwandani ziking'aa kupita hapo, na mtu anayefanyia kazi skrini kali hutengeneza mafaili yenye giza bila kujua.

Msingi wa usahihi wa rangi, hata hivyo, ni kadi ya IT8. Hiyo ni slaidi yenye viraka vingi vya rangi pamoja na ngazi ya kijivu inayotoka weupe hadi weusi, nayo huambatana na faili lenye vipimo vya viraka hivyo. Unaiskani kadi, programu inalinganisha kile skana ilichosoma na kile kilichopimwa, na kutokana na tofauti hiyo inatengeneza profaili ya ICC, yaani faili linaloeleza namna ya kusahihisha rangi za skana, itakayotumika kwa slaidi zote za filamu ya aina hiyo. Hakikisha namba ya toleo iliyo kwenye kadi inalingana na ya faili la vipimo. Zima kila marekebisho ya kujiendesha kabla ya kuiskani, kisha uiache mipangilio hiyo hiyo unapoendelea na slaidi, kwa kuwa profaili ni kweli kwa hali ile iliyopimwa tu. Kadi iwe ya jamii ileile ya filamu. Kwa Kodachrome, kampuni ya LaserSoft Imaging ya Ujerumani ilitoa kadi maalumu. Ihifadhi kadi gizani, maana nayo ni filamu na hufifia. Na usiitarajie ifanye lisilo lake: profaili inajua namna skana inavyosoma, haijui kwamba slaidi yako imepoteza sayani.

Mwangaza unastahili uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa kosa halirekebishiki. Sehemu za giza za slaidi huweza kufikia msongamano (kipimo cha jinsi filamu inavyozuia mwanga) wa 3.6 au zaidi, maana yake zinapitisha takriban sehemu moja tu kati ya 4000 za mwanga unaoingia. Skana dhaifu huona hapo chembechembe za kelele badala ya picha. Usidanganyike na namba kubwa za msongamano kwenye maelezo ya kifaa, kwani mara nyingi hukokotolewa kutokana na idadi ya biti na si kupimwa: biti 16 kwa nadharia hutoa 4.8, lakini hakuna slaidi inayojua nadharia hiyo. Kinachosaidia ni kuskani kwa biti 16 kwa kila rangi, yaani viwango 65,536 badala ya 256, na kuiruhusu skana isome kila mstari mara kadhaa ili kelele ipungue.

Upande wa pili wa mizani ni sehemu angavu. Kwenye slaidi, mawingu na nguo nyeupe ni filamu iliyo karibu kuwa wazi kabisa, nazo ndizo zinazoijaza kwanza sensa ya skana. Weka kiasi cha mwanga kwa kuzifuata hizo, ukiitazama histogramu (grafu ya mgawanyo wa mwangaza, giza likiwa kushoto na mwanga kulia) ya kila rangi peke yake, kwa sababu wekundu wa machweo unaweza kukatika huku wastani wa rangi zote ukionekana salama. Acha nafasi ndogo upande wa kulia. Zima pia mwangaza wa kujiendesha: wapiga picha wengi wa slaidi walipunguza mwanga kidogo kwa makusudi ili rangi zikolee, na programu inayojaribu kuwa na huruma hugeuza usiku wao kuwa jioni ya kijivu.

Faili la awali liwe la muundo wa TIFF, likiwa na profaili yake ndani. Slaidi ya milimita 36 kwa 24 ikiskaniwa kwa pikseli 4000 kwa inchi hutoa pikseli milioni 21 hivi, na kwa biti 16 ni takriban megabaiti 128. Slaidi 1000 basi zinadai gigabaiti 128, na nakala ya akiba inadai nyingine kama hizo. Nafasi hiyo ipatikane kabla ya siku ya kazi.

Kisha fanya jaribio kwa slaidi nne: moja ya giza, moja yenye mawingu meupe, moja yenye sura ya mtu, na moja yenye kitu cha kijivu unachokifahamu. Ziskani, ziache hadi kesho yake macho yakiwa yamepumzika, kisha ulinganishe kila faili na slaidi yake kwenye kisanduku cha mwanga. Mafaili yote manne yakiegemea rangi fulani, rudi kwenye profaili. Likiegemea moja tu, huenda ndivyo slaidi yake ilivyo.