Kabla hujanunua fuwele ya akwamarini, tazama shina lake

Kwanza lijue hili: Unguja na Pemba ni visiwa vya matumbawe na chokaa. Akwamarini, kito cha buluu, ni aina ya madini yaitwayo berili, ndugu wa zumaridi, na berili huota zaidi kwenye miamba ya jamii ya granaiti. Huku kwetu miamba hiyo haipo. Mtu akikwambia kipande chake kimechimbwa Makunduchi au Micheweni, muage uende zako. Kinachouzwa Mji Mkongwe kimevuka maji, kimetoka bara, Msumbiji, Zambia au hata Pakistan. Uliza kimetoka wapi, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Beba lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, kitambaa cheupe na ile tochi ndogo ya kukagulia noti bandia. Nenda mchana. Taa za dukani hupamba hata kioo, kwa hiyo omba ulitazame jiwe mlangoni, kwenye mwanga wa jua.

Umbo nalo lina habari. Fuwele ya akwamarini ina pande sita. Topazi ya buluu, ambayo hupitishwa kwa jina hilo, mkato wake ni kama uru wa karata, tena ni nzito zaidi: mara 3.5 ya uzito wa maji, na akwamarini ni kama 2.7. Pima jiwe likiwa kavu, kisha lipime likining'inia ndani ya maji, halafu gawa uzito mkavu kwa tofauti utakayopata; jibu ndiyo namba hiyo ya kulinganisha.

Hesabu hiyo haikusaidii kwa fuwele iliyo bado juu ya mwamba wake, na hapo ndipo watu wanapolizwa. Shoga yangu wa Mkunazini alipata zamu yake ya upatu, akanunua kipande cha kupendeza: fuwele ya urefu wa kidole, imesimama juu ya jiwe jeupe lenye ulanga unaometa. Siku moja akakitia kwenye bakuli la maji ya moto na sabuni kukitoa vumbi. Alipokiinua, mkononi limebaki jiwe, fuwele imelala chini ya bakuli. Tulipotazama kwa lenzi, shina la fuwele lilikuwa limesawazishwa kwa msasa. Kwenye jiwe palikuwa na kishimo cha kuchonga, na pembeni yake gundi ya manjano iliyonyunyiziwa vipande vya ulanga kuficha mshono. Fuwele ilikuwa akwamarini kweli, na jiwe lilikuwa la kweli, ila havikuzaliwa pamoja. Muuzaji akasema naye aliuziwa hivyo hivyo. Risiti iliandikwa "jiwe la buluu" tu, na fedha haikurudi.

Kwa hiyo anza na shina, rangi baadaye. Zungusha lenzi pale fuwele inapoingia mwambani. Kwenye kipande cha asili, madini ya jirani hung'ata fuwele na kuacha alama pembeni mwake. Kwenye gundi utaona vipovu na mng'ao wa plastiki. Washa tochi yako gizani: gundi nyingi huwaka, akwamarini kwa kawaida haiwaki. Kipande kilichovunjika machimboni kikaunganishwa si haramu kuuzwa, lakini ukweli usemwe na bei ishuke.

Mengine kwa ufupi. Buluu ya wino iliyokolea mno itilie shaka, kwani berili ya Maxixe ya Brazil, na nyengine zilizopigwa mionzi, hupauka juani. Rangi ya kijani kibichi iliyomo kwenye akwamarini huondolewa kwa moto ibaki buluu, na kwa macho hutajua, basi usilipie zaidi kwa neno "asilia". Muulize muuzaji leseni. Kama unasafiri nje ya nchi, karatasi za kusafirishia madini zitafute kabla ya kukata tiketi. Funga kila kipande peke yake kwa pamba, maana ncha huvunjika zikigongana. Usioshe kwa maji ya moto. Usilipe amana bila shahidi, usikubali kuharakishwa eti boti inaondoka, na dalali anayekufuata kutoka bandarini mpaka Darajani usimwoneshe ulichobeba.